Mpeni Kijana Ruhusa ya Kusema "Simama"

Mazungumzo na wazazi, walezi na vijana wa pande mbili za daraja la Rusumo, kuelekea likizo ya shule



Tumezoeana nanyi katika mambo mengine. Mnapotuona mbele ya mkutano, mnatarajia tuzungumzie magendo, wizi wa mifugo au ulinzi shirikishi. Leo tumeomba nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo halimo katika orodha ya makosa ya jinai, nalo ni safari ndefu ya familia kwa gari, na kijana aliyekaa kiti cha nyuma. Likizo inakaribia. Magari yatapita hapa yakiwa na mizigo juu na watoto ndani, wengine wakienda kuwaona ndugu Kahama, Dodoma au Dar es Salaam, wengine wakirudi Kirehe, Rwamagana na Kigali. Tungependa kila gari linalovuka daraja hili lifike salama, na kila aliyemo ndani ashuke kwa miguu yake.

Tuanze na tukio moja. Hatutataja barabara wala mwaka, kwa sababu wahusika wako hai na wanastahili kusitiriwa. Alfajiri moja, majira ya saa kumi, tuliitwa kwenye gari dogo lililokuwa limeacha njia mahali paliponyooka, pasipo na kona wala shimo, likaingia mtaroni na kugonga kalavati. Kwenye lami hapakuwa na alama yoyote ya breki. Askari wa usalama barabarani akiona hivyo hahitaji kuambiwa zaidi. Anajua kwamba dereva hakuiona hatari, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefumba.

Ndani ya gari mlikuwa na baba, mama na binti yao wa miaka 15. Mama alikuwa usingizini, akazinduliwa na kishindo. Baba alivunjika mguu vibaya. Binti, aliyekuwa amefunga mkanda, alitoka na michubuko tu, na ndiye aliyetueleza yaliyotokea. Alisema alikuwa akimtazama baba yake katika kioo cha ndani kwa muda mrefu, akiona macho yakifumba na kufumbuka. Mara mbili gari lilikuwa limegusa ukingo wa barabara, na mara mbili likarudi. Tukamwuliza kwa upole kwa nini hakumwamsha. Akajibu kwamba mchana walikuwa wamegombana kwa ajili ya simu. Baba alimnyang'anya na kumwambia kwamba hataki kusikia sauti yake tena mpaka wafike. Naye akatii.

Kisha akatuuliza, "Afande, ni kosa langu?" Tulimjibu kwamba si kosa lake, na leo tunalirudia jibu hilo mbele yenu. Mtoto aliyeamriwa kunyamaza akanyamaza hana hatia.

Liko jambo jingine ambalo tungeweza kulinyamazia, lakini si haki. Kabla ya ajali ile, gari hilohilo lilikuwa limesimamishwa na askari wenzetu kwenye kizuizi. Leseni ilikuwa halali, bima ilikuwa halali, matairi yalikuwa mazuri. Wakamtakia dereva safari njema. Hakuna aliyemwuliza ameamka saa ngapi, wala aliyeinama dirishani kumtazama yule binti. Sisi nasi tulikuwa na nafasi ya kusema "simama," hatukuitumia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni ya kweli, wala hatukuja kuipinga. Lakini barabarani tumeuona upande wake wa pili: mkuu asiyesikia la mdogo naye huvunjika guu.

Ndugu zetu, usingizi wa barabarani hauji kama ule wa kitandani. Huja kwa vipande vya sekunde mbili, tatu, nne, na mara nyingi dereva mwenyewe hajui kwamba amelala. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akipotewa na fahamu kwa sekunde nne tu, gari limekwenda karibu mita 90 bila mwenyewe. Urefu huo unakaribia ule wa uwanja wa mpira, na gari limeupita likiwa na familia nzima ndani.

Saa za hatari zinajulikana. Ni kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, na tena alasiri, hasa baada ya mlo mzito. Dalili nazo zinajulikana: kupiga miayo mfululizo, kope kuwa nzito, kutokumbuka kijiji mlichopita sasa hivi, kukanyaga mstari, kuongeza na kupunguza mwendo bila sababu. Kufungua dirisha hakuondoi usingizi, na kupandisha sauti ya redio hakuuondoi. Dawa yake ni kusimama mahali salama na kulala, japo kwa dakika 15 au 20. Dereva anayesimama kila baada ya saa mbili hivi, akashuka na kunyoosha miguu, hachelewi safari, anaihakikisha.

Mabasi ya masafa marefu huwa na dereva wa pili. Gari la familia mara nyingi lina dereva mmoja, na mama amechoka kwa maandalizi, na wadogo wamelala. Aliye macho ni nani? Ni yule kijana ambaye tangu asubuhi mnamlaumu kwamba halali mapema. Umri wake ndio uliompa macho ya usiku. Mnaye mlinzi ndani ya gari, naye hajakabidhiwa lindo.

Basi tunawaomba wazazi mfanye jambo moja kabla ya kuwasha gari. Mwambieni mtoto wenu, mbele ya wote: "Ukiona ninasinzia, au ninakwenda mbio, au umeogopa kwa sababu yoyote, sema 'simama.' Nitasimama. Sitakukaripia, hata kama tumegombana, hata kama umekosea." Na akilisema, simameni kweli. Akisema mara ya kwanza mkamcheka, hatasema mara ya pili, na huenda ile mara ya pili ndiyo iliyohitajika.

Ruhusa hiyo haiwezi kusimama peke yake. Mtoto ambaye hajaulizwa neno lolote tangu safari ilipopangwa hataamini kwamba ghafla neno lake lina uzito. Kwa hiyo mshirikisheni tangu nyumbani. Ketini pamoja na ramani. Kutoka Rusumo hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,300, kupitia Lusahunga, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Dodoma hadi Dar es Salaam peke yake ni karibu kilomita 450. Mpeni kijana kalamu agawe safari hiyo kwa siku, atafute mahali pa kulala, ahesabu mafuta. Atagundua mwenyewe kwamba haiwezekani kwa dereva mmoja kuimaliza kwa siku moja, na pengine yeye ndiye atakayemwambia baba yake hivyo. Mlale Kahama au Nzega, mlale tena Dodoma. Gharama ya chumba cha wageni ni ndogo kuliko gharama ya kitanda cha hospitali.

Mkabidhini pia bahasha ya hati. Tunasema hivi kwa sababu kila likizo tunaona familia zikirudishwa kwa ajili ya karatasi ya kijana. Mtoto mchanga hukumbukwa. Kijana husahaulika, kwa kuwa amekuwa mrefu kama mama yake na watu hudhani ana hati kama mtu mzima. Kitambulisho cha taifa, kwa utaratibu tuliouzoea, hutolewa akifikisha miaka 16 kwa upande wa Rwanda na miaka 18 kwa upande wa Tanzania. Tena makubaliano yaliyoanza kutumika mwaka 2014, ya kusafiri kwa kitambulisho cha taifa, yalikuwa ya Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haikuwemo. Msifanye safari kwa kukisia. Nendeni kwa maofisa wa uhamiaji mapema, mwulize hati gani ya kusafiria inamfaa kila mmoja wenu. Kijana akisafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, au na mjomba, abebe barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri pamoja na cheti cha kuzaliwa. Msione karaha askari akiuliza mtoto huyu ni wa nani. Swali hilo linawakera wazazi wema mia moja, lakini linaweza kumwokoa mtoto mmoja anayepelekwa mahali asipopajua.

Kuna kadi mbili ambazo watu huzichanganya kwa kuwa zote huitwa kadi ya njano. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, nayo ni ya mtu. Nyingine ni Kadi ya Njano ya COMESA, nayo ni bima ya gari kwa ajili ya wengine mtakaowadhuru nje ya nchi yenu. Tanzania si mwanachama wa COMESA, lakini inashiriki katika mpango huo wa bima. Kijana anayetunza bahasha ajue tofauti ya kadi hizo. Aongeze humo karatasi yenye namba za simu za ndugu zilizoandikwa kwa mkono, kwa sababu simu huzimika. Na asifungashe vitafunio katika mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Tanzania mwaka 2019.

Sasa mmefika mpakani. Kituo chetu ni cha huduma za pamoja, kwa hiyo utaratibu wa kutoka nchi moja na kuingia nyingine humalizika mahali pamoja. Wakati wazazi wako dirishani, kijana hupenda kuzurura na simu. Mwelezeni mambo matatu. Asipige picha za kituo wala za askari. Asipokee kifurushi cha mtu asiyemjua hata akiombwa kwa machozi, kwa sababu atakayekutwa na mzigo ndiye atakayehojiwa. Na akikutana na mtu mwenye maneno matamu anayemwahidi kazi, masomo au zawadi ng'ambo ya mto, arudi kwa wazazi wake au aje kwetu mara moja.

Mkivuka daraja, mambo mawili hubadilika kwa pamoja. La kwanza ni saa. Tanzania iko mbele ya Rwanda kwa saa moja. Mkitoka saa tatu asubuhi, ng'ambo ni saa nne, na ile saa mliyodhani mnayo kabla ya giza haipo tena. Simu hujirekebisha yenyewe, lakini saa ya gari hubaki nyumbani. La pili ni upande wa barabara. Rwanda huendesha kulia, Tanzania kushoto. Wengi hudhani hatari iko pale darajani. Pale kila mtu yuko macho na vibao vipo. Hatari iko baadaye, mnapotoka kwenye kituo cha mafuta au hotelini alfajiri, barabara ikiwa tupu, na mkono wa dereva ukarudi katika mazoea yake. Hiyo nayo ni kazi ya kijana. Kila gari linapoondoka, aseme kwa sauti "kushoto!" au "kulia!" kulingana na nchi. Mtacheka siku ya kwanza. Siku ya tatu hamtacheka, kwa kuwa dereva amechoka na neno hilo limekuwa na kazi.

Mwenye gari la usukani wa kushoto akumbuke kwamba upande wa Tanzania hawezi kuona vizuri mbele ya lori anapotaka kulipita. Barabara hii ni ya Ushoroba wa Kati, na malori hayaishi. Aache nafasi kubwa nyuma ya lori, asubiri mahali palipo wazi, wala asimtegemee abiria amwambie "pita." Kijana apewe mamlaka ya kusimamisha tu; asipewe ya kuruhusu. Katika kona za Mlima Sekenke, kati ya Igunga na Singida, subira ni wajibu wa kila dereva. Mkiona matawi ya miti yametupwa barabarani, jueni kuna gari limeharibika mbele. Mfundisheni kijana kuyatambua, ayatangaze kabla hamjayafikia.

Wazazi wengi hutuambia, "Mtoto wangu hasemi. Anaweka vitu masikioni, anatazama nje kilomita mia tatu." Tunawajibu kwamba ukimya wa umri huo si dharau kila mara. Safari ni ndefu, gari ni dogo, na kijana hana mlango wa kujifungia. Simu ndiyo mlango wake. Msiuvunje, wekeaneni saa. Atazame simu yake kwa muda mliokubaliana, kisha aiweke chini mnapopita mijini, mnapopanda milima, na giza linapoingia. Msafiri na binti pia akumbuke kwamba siku za hedhi hazingoji mwisho wa safari. Mama abebe taulo za kike za kutosha, na baba akisikia kwamba inahitajika kusimama mahali penye choo safi na maji, asimame bila kuuliza. Binti aliyeona aibu kuomba kusimama kwa ajili yake mwenyewe hataweza kuomba kusimama kwa ajili ya familia.

Na zungumzeni. Njia hii ina mengi ya kusimulia. Hapa chini ni mto Kagera, ambao ndugu zetu wa Rwanda huuita Akagera, na maporomoko ya Rusumo ambayo nguvu yake sasa huzalisha umeme unaogawanywa kwa Rwanda, Burundi na Tanzania. Mbele kidogo ni Benako. Wapo miongoni mwenu waliovuka hapa kwa miguu mwaka 1994, na wapo waliosimama upande wa pili wakiwatazama waliovuka. Watoto wenu wanaijua habari hiyo kwa vitabu vya shule. Pengine ndani ya gari, ambamo hamlazimiki kutazamana usoni, ndipo mtaweza kuwaambia kidogo katika yale mliyoyaona. Mtoto aliyeaminiwa habari ya baba yake humjali baba yake kwa namna nyingine.

Vijana, sasa tunasema nanyi. Fungeni mkanda hata mkiwa kiti cha nyuma. Asiyefunga hurushwa mbele na kumwumiza aliye mbele yake. Msishike usukani barabarani hata mkibembelezwa, maana leseni ya gari katika nchi zetu hizi huanzia miaka 18. Namba ya dharura ya polisi ni 112 pande zote mbili za mto; iwekeni kichwani. Na mkiona dereva wenu anasinzia, msingoje mara ya pili. Semeni kwa heshima, lakini semeni: "Baba, simama. Mama, simama. Mjomba, tafadhali, tusimame." Heshima haikuumbwa ili watu wafe wamenyamaza. Na msafiri wa basi ana haki hiyohiyo. Mwambieni kondakta, akipuuza pigeni simu.

Mwisho, sisi wenyewe. Tangu alfajiri ile tumejiwekea desturi. Tukilisimamisha gari la familia lililotoka mbali, baada ya leseni na bima tunamwuliza dereva ameamka saa ngapi na amepumzika wapi. Kisha tunainama kwenye dirisha la nyuma na kumwuliza kijana, "Safari inakwendaje?" Mara nyingi hujibu "salama" bila kuinua macho. Tunaridhika. Lakini mara mojamoja hututazama, kisha hutazama kiti cha dereva, kisha hututazama tena. Hapo tunaelewa. Tunamwomba dereva aegeshe kando ya kizuizi, tunampa kivuli na maji, alale kidogo. Hakuna faini kwa kulala. Wapo wanaokasirika. Wakiamka, wengi wao hutushukuru. Tungependa shukrani hiyo waipeleke kiti cha nyuma.

Binti yule sasa ni mtu mzima. Baba yake hutembea kwa fimbo. Tulipomtembelea, alituambia kwamba kila wanaposafiri yeye hukaa nyuma na binti ndiye anayeendesha, naye amemwahidi jambo moja: akimwona anapiga miayo atasema. Tukamwuliza binti kama husikia anapoambiwa. Akacheka, akasema, "Husimama papo hapo. Najua gharama yake."

Tunawatakia likizo njema na safari ya amani, mwendako na mrudiko.